Giya za spidomita

Giya za spidomita ni jozi ya giya ndogo zinazozungusha kebo ya spidomita ya gari. Kwa kawaida hufungwa mwishoni mwa giaboksi au kwenye transfa. Idadi ya meno yake huchaguliwa kiwandani kulingana na uwiano wa difu na ukubwa wa matairi ya gari husika. Difu ikibadilishwa na giya hizi zikaachwa zilivyo, mshale wa mwendo na namba za kilomita hupotoka kwa kiasi kilekile ambacho uwiano wa difu umebadilika.

Suala hili linahusu hasa malori na magari ya kazi yaliyotengenezwa kabla ya kuenea kwa spidomita za kielektroniki, kama vile Bedford, Land Rover za Series na Toyota Land Cruiser za awali. Nchini Tanzania magari ya aina hii yamefanya kazi katika maeneo mengi, yakiwemo ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako tambarare za pamba na vilima vya machimbo viko karibu na vinahitaji difu za aina tofauti.

Jinsi spidomita ya kebo inavyofanya kazi

Spidomita ya zamani haipimi mwendo wa gari moja kwa moja. Inapima kasi ya kuzunguka kwa kebo. Mwendo husafiri kwa hatua zifuatazo:

1. Shafti inayotoka kwenye giaboksi huzungusha propela, na propela huzungusha difu na magurudumu.
2. Juu ya shafti hiyohiyo kuna giya ndogo, mara nyingi yenye umbo la skrubu. Katika makala hii inaitwa giya ya shafti.
3. Giya ya shafti huzungusha giya nyingine iliyosimama upande wake. Hii ndiyo giya ya kebo. Huweza kuwa ya chuma, ya shaba nyeupe au ya nailoni.
4. Giya ya kebo huzungusha waya wa ndani wa kebo hadi kwenye dashibodi.
5. Ndani ya spidomita, kebo huzungusha sumaku iliyo karibu na kikombe chepesi cha alumini. Sumaku huzalisha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kifuate mzunguko. Springi nyembamba hukizuia. Kadiri sumaku inavyokwenda kasi, ndivyo kikombe kinavyosogea zaidi pamoja na mshale wake.

Namba za kilomita hazitumii sumaku. Zinasukumwa na giya ndogo zilizounganishwa na kebo hiyohiyo. Kwa hiyo kebo ikizunguka pungufu, mshale na kilomita vyote husoma pungufu.

Jambo la msingi ni kwamba giya ya shafti iko kabla ya difu. Inajua propela imezunguka mara ngapi, lakini haijui magurudumu yamezunguka mara ngapi. Uhusiano kati ya vitu hivyo viwili ni uwiano wa difu, na uhusiano huo umewekwa ndani ya idadi ya meno ya giya za spidomita.

Historia

Spidomita ya sumaku ilisajiliwa na Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902. Muundo wake ulikuwa rahisi na wa kudumu, ukaendelea kutumika kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Magari ya Uingereza yalitumia sana spidomita za kampuni ya Smiths, na magari mengi ya Ujerumani yalitumia za VDO.

Watengenezaji hawakukubaliana juu ya idadi moja ya mizunguko ya kebo. Marekani ilizoea takribani mizunguko 1,000 kwa maili moja, sawa na takribani 621 kwa kilomita. Japani iliweka mizunguko 637 kwa kilomita. Smiths waliandika mizunguko kwa maili kwa namba ndogo kwenye uso wa spidomita, na namba hiyo ilitofautiana kati ya gari na gari. VDO waliandika herufi W ikifuatiwa na mizunguko kwa mita. Namba hizo ndogo ni muhimu kwa fundi kuliko jina la kampuni, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha kebo inatakiwa kuzunguka mara ngapi.

Mazingira ya Shinyanga na Geita

Reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, mahali ambapo leo ni wilaya ya Kishapu. Upande wa Geita, mgodi wa zamani wa dhahabu ulianza miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Migodi mikubwa ya kisasa ilikuja baadaye: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012.

Shughuli hizi zilihitaji malori. Pamba ilitoka vijijini kwenda kwenye viwanda vya kuchambulia na stesheni za reli. Wachimbaji wadogo huhitaji magari ya kubeba mawe kutoka kwenye maduara hadi kwenye makarasha, na ya kubeba marudio hadi kwenye mitambo ya kuchenjulia. Bandari kavu ya Isaka iliongeza safari ndefu za mizigo kuelekea Rwanda na Burundi.

Ardhi ya ukanda huu si ya namna moja. Upande wa Shinyanga na Kishapu ni tambarare, wenye mbuga za udongo mweusi unaonata sana mvua inaponyesha. Upande wa Geita una vilima vya mawe na njia fupi zenye miinuko kuelekea machimboni. Barabara kuu zina lami, na lori lililoundwa kwa ajili ya njia za vumbi hujikuta likisafiri kilomita nyingi kwenye barabara iliyonyooka.

Sababu za kubadili difu

Uwiano wa difu ni idadi ya mizunguko ya propela kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu. Hupatikana kwa kugawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni. Krauni yenye meno 37 na pinioni yenye meno 6 hutoa uwiano wa 6.17. Pinioni ikiwa na meno 7, uwiano ni 5.29.

Difu yenye namba kubwa ni ya nguvu. Lori huanza kwa urahisi likiwa na mzigo na hupanda kilima bila kuua klachi, lakini kwenye lami injini hulia kabla gari halijafika mwendo wa kawaida. Difu yenye namba ndogo ni ya mwendo. Injini hutulia barabarani na mafuta huweza kupungua, lakini lori huwa zito kwenye miinuko.

Kwa magari ya zamani kuna sababu ya tatu, nayo ni spea. Krauni na pinioni zikivunjika, si rahisi kila mara kupata jozi yenye uwiano uleule. Mwenye gari huweka difu iliyopatikana, ilimradi inaingia kwenye ekseli. Katika hali hii mabadiliko ya uwiano hayakukusudiwa, na ni rahisi kusahau kwamba spidomita nayo imeguswa.

Mfano unaojulikana sana duniani ni wa Land Rover za Series, zilizotoka na difu ya 4.7. Difu za Range Rover ya mwaka 1970 na kuendelea, zenye uwiano wa 3.54, huingia kwenye ekseli za kawaida za Land Rover hizo. Haziingii moja kwa moja kwenye ekseli nzito ya nyuma ya aina ya Salisbury iliyofungwa kwenye Land Rover ndefu za baadaye. Kwa Toyota Land Cruiser za zamani, uwiano wa 4.11 na wa 3.70 ni miongoni mwa zile zilizotumika.

Athari za kutorekebisha

Difu ya mwendo ikiwekwa mahali pa difu ya nguvu, propela huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita. Kebo nayo huzunguka mara chache, na spidomita husoma pungufu. Huu ndio upande wa hatari, kwa sababu gari huenda kasi kuliko dereva anavyodhani. Difu ya nguvu ikiwekwa mahali pa difu ya mwendo, spidomita husoma zaidi. Hapo hatari ya mwendo ni ndogo, lakini kilomita huhesabiwa kupita kiasi.

Mwendo halisi hupatikana kwa kuzidisha namba ya spidomita kwa uwiano wa zamani, kisha kugawanya kwa uwiano mpya. Jedwali hili linaonyesha hali ambapo matairi hayakubadilishwa na spidomita ilikuwa sahihi kabla:

| Mabadiliko ya difu | Spidomita ikisoma 50 | Spidomita ikisoma 80 |
|---|---|---|
| 4.11 kwenda 3.70 | 56 km/saa | 89 km/saa |
| 6.17 kwenda 5.29 | 58 km/saa | 93 km/saa |
| 4.70 kwenda 3.54 | 66 km/saa | 106 km/saa |

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Dereva wa mstari wa tatu wa jedwali anayepita Tinde, Ushirombo au Katoro akiona 50 kwenye dashibodi yuko kwenye 66. Tochi ya trafiki hupima gari lenyewe na haihusiani na dashibodi.

Faini si jambo kubwa kuliko breki. Nishati ambayo breki zinatakiwa kuimaliza huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda kasi mara 1.33 kuliko dereva anavyodhani lina nishati mara 1.76. Malori mengi ya zamani yana breki za ngoma, ambazo hupoteza nguvu zikipata joto, hasa kwenye mteremko gari likiwa na mzigo.

Athari kwa kilomita na mafuta

Kilomita zisizo sahihi huharibu hesabu zote zinazozitegemea. Kwa lori lililotoka 6.17 kwenda 5.29, safari ya takribani kilomita 160 kutoka Shinyanga hadi Mwanza huandikwa kama kilomita 137. Oili iliyopangwa kubadilishwa kila kilomita 5,000 hubadilishwa baada ya kilomita zaidi ya 5,800. Ratiba ya grisi, matairi na breki nayo huchelewa vivyo hivyo.

Hesabu ya mafuta ndiyo inayoleta ugomvi. Tuseme lori linatumia lita 30 kwa kilomita 100 za kweli. Spidomita ikihesabu kilomita 86 tu kwa safari hiyo, daftari la mwenye gari litaonyesha karibu lita 35 kwa kilomita 100. Lita tano zinaonekana kupotea, wakati hakuna hata moja iliyotoka kwenye tangi kinyume cha utaratibu. Dereva anaweza kushutumiwa kuuza mafuta kwa kosa ambalo liko kwenye giya yenye ukubwa wa kidole gumba. Kwa sababu hiyo, gari lililobadilishwa difu hufaa lihakikiwe kilomita zake kabla ya kulinganisha matumizi ya mafuta ya kabla na ya baada. Kinyume chake pia hutokea: difu ya nguvu ikiwekwa bila marekebisho, kilomita huongezeka kwenye daftari na lori huonekana kula mafuta kidogo kuliko ukweli.

Vipimo vinavyohitajika

Ili kuchagua giya sahihi, mambo manne yanatakiwa kujulikana.

Uwiano wa difu. Njia ya uhakika ni kuhesabu meno ya krauni na pinioni difu ikiwa imefunguliwa. Ikiwa imefungwa, gurudumu moja la nyuma huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, huku magurudumu mengine yakizuiwa kwa vigingi na giaboksi ikiwa huru. Alama ya chaki huwekwa kwenye propela na kwenye tairi. Gurudumu lililoinuliwa huzungushwa mara mbili kamili, na mizunguko ya propela huhesabiwa. Idadi hiyo ndiyo uwiano. Huzungushwa mara mbili kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama, na katika hali hiyo krauni huzunguka nusu tu ya mzunguko wa gurudumu lililo huru. Njia hii haifai kwa difu iliyofungwa loki.

Mwendo wa tairi kwa mzunguko mmoja. Tairi hupimwa likiwa na upepo wa kawaida na gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa kuwa tairi lililobonyea husafiri umbali mfupi kuliko mzingo wake ukiwa hewani. Alama ya chaki huwekwa kwenye tairi na ardhini, gari husukumwa kwa mizunguko 10, na umbali uliopatikana hugawanywa kwa 10. Mita 1,000 zikigawanywa kwa umbali huo hutoa mizunguko ya tairi kwa kilomita.

Mizunguko ya kebo inayotakiwa. Husomwa kwenye uso wa spidomita. Ikiwa imeandikwa kwa maili, hugawanywa kwa 1.609 ili kupata mizunguko kwa kilomita.

Meno ya giya zilizopo. Giya ya kebo hutolewa kwa urahisi kwa kufungua kishikio chake ubavuni mwa giaboksi au transfa. Giya ya shafti iko ndani zaidi. Ikiwa ina umbo la skrubu, huhesabiwa idadi ya njia za skrubu zinazoanzia ukingoni, si mizunguko inayoonekana kwa urefu.

Kukokotoa meno

Kanuni ya jumla ni hii:

Meno ya giya ya kebo = meno ya giya ya shafti × uwiano wa difu × mizunguko ya tairi kwa kilomita ÷ mizunguko ya kebo kwa kilomita

Ikiwa spidomita ilikuwa sahihi kabla ya mabadiliko, kuna njia ya mkato:

Meno mapya = meno ya zamani × uwiano mpya ÷ uwiano wa zamani

Matairi yakibadilishwa pia, jibu huzidishwa kwa mwendo wa tairi la zamani na kugawanywa kwa mwendo wa tairi jipya. Njia ya mkato hurithi kosa lolote lililokuwepo mwanzo, kwa hiyo kanuni ya jumla ni bora pale vipimo vinapopatikana.

Mfano

Lori lina giya ya shafti yenye meno 6, matairi yanayosafiri mita 3.00 kwa mzunguko, na spidomita ya kebo inayotaka mizunguko 637 kwa kilomita. Tairi huzunguka mara 333.3 kwa kilomita.

Kwa difu ya 6.17, jibu la kanuni ni meno 19.4. Kiwanda kimeweka giya ya meno 19, na spidomita husoma zaidi kwa karibu asilimia 2.

Kwa difu mpya ya 5.29, jibu ni 16.6. Hakuna giya yenye meno 16.6, hivyo fundi anatakiwa kuchagua kati ya 16 na 17. Kwenye mwendo halisi wa kilomita 80 kwa saa, matokeo ni haya:

* giya ya zamani ya meno 19: spidomita husoma takribani 70
* giya ya meno 17: husoma takribani 78
* giya ya meno 16: husoma takribani 83

Namba 17 iko karibu zaidi na 16.6, na kwa hesabu ya kilomita ndiyo yenye kosa dogo. Hata hivyo, kwa usalama 16 ni bora, kwa sababu spidomita haitaonyesha kamwe mwendo mdogo kuliko halisi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita inafuata msimamo huo: chombo hakiruhusiwi kusoma chini ya mwendo halisi, lakini kinaruhusiwa kusoma juu yake kwa kiasi kisichozidi asilimia 10 pamoja na kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo jibu lenye sehemu ya desimali hushushwa hadi namba nzima iliyo chini yake, na tofauti ya kilomita huandikwa kwenye daftari la gari.

Kufunga giya mpya

Giya ya kebo yenye meno machache ni nyembamba, na yenye meno mengi ni nene. Tofauti ya jino moja au mawili mara nyingi huingia kwenye nafasi ileile. Ikizidi hapo, giya mpya ama haifiki kwenye giya ya shafti, ama inabanwa nayo. Baadhi ya giaboksi zina kola yenye tundu lisilo katikati, ambayo ikigeuzwa husogeza giya karibu au mbali. Nyingine huhitaji kola tofauti kwa kila kundi la meno.

Meno ya giya hizi huwa ya mshazari. Giya ya mshazari wa kulia haiwezi kuchukua nafasi ya ile ya kushoto hata kama idadi ya meno ni sawa. Sili ya oili iliyo kwenye kishikio hubadilishwa wakati huohuo. Sili ikivuja, oili ya giaboksi hupanda ndani ya kebo hadi kwenye spidomita na kuharibu kikombe na springi.

Giya isipopatikana

Kwa magari ambayo utengenezaji wake umekoma, kama Bedford, giya yenye meno yanayotakiwa huweza kukosekana. Njia nyingine ni hizi:

* Kasha la uwiano. Ni kisanduku kidogo chenye giya ndani kinachofungwa kati ya giaboksi na kebo, au nyuma ya spidomita. Hubadili mzunguko wa kebo kwa kiasi kilichopangwa. Mshale na kilomita vyote hurekebishika.
* Kubadili spidomita. Spidomita yenye namba tofauti ya mizunguko huweza kulingana na giya zilizopo. Kwa mfano wa juu, giya ya meno 19 huzungusha kebo mara 557 kwa kilomita, hivyo inahitajika spidomita ya karibu na namba hiyo au chini yake kidogo.
* Kuchonga giya. Fundi mwenye mashine ya kukereza na kukata meno anaweza kutengeneza giya mpya kwa kufuata sampuli.
* Kurekebisha springi au sumaku ya spidomita. Hii husahihisha mshale peke yake. Kilomita hubaki na kosa lilelile kwa kuwa zinasukumwa na kebo. Ndiyo maana njia hii haifai kwa gari la biashara.
* Kuweka alama kwenye kioo. Mstari wa rangi huwekwa mahali mshale unapofika gari likiwa kwenye 50 na 80 halisi. Ni msaada wa muda tu.

Hali za pekee

Difu ya mwendo miwili. Baadhi ya malori ya zamani yana ekseli yenye uwiano wa aina mbili, ambao dereva hubadili kwa kitufe au kishikio. Aina ya Eaton ndiyo iliyoenea zaidi. Kwa kuwa uwiano hubadilika baada ya giya ya shafti, jozi moja ya giya za spidomita haiwezi kuwa sahihi kwa hali zote mbili. Watengenezaji waliweka kasha la uwiano linalobadilika pamoja na ekseli. Kasha hilo likiharibika na kuondolewa, spidomita iliyopangwa kwa uwiano wa mwendo husoma juu mno lori linapokuwa kwenye uwiano wa nguvu.

Ovadraivu. Si kila badiliko la uwiano linagusa spidomita. Ovadraivu ya Fairey inayofungwa kwenye Land Rover za Series hukaa kabla ya shafti ya kutokea ya transfa, ambako spidomita huchukua mzunguko wake. Kwa hiyo usomaji haubadiliki. Kanuni ni moja: kinachobadilishwa kabla ya giya za spidomita hakina athari, kinachobadilishwa baada yake kina athari.

Magari yanayovuta kwa ekseli mbili. Difu za mbele na nyuma lazima ziwe na uwiano sawa. Zikitofautiana, ekseli hushindana mara tu gari linapowekwa kwenye kuvuta kwa magurudumu yote, na kitu hukatika kwenye transfa, propela au difu. Hatari hii ni kubwa kwenye ardhi ngumu, ambako tairi haliwezi kuteleza na kupunguza mvutano. Kurekebisha spidomita hakuondoi tatizo hilo.

Kuhakiki

Kabla ya safari, kebo huchomolewa nyuma ya spidomita na kipande cha karatasi hufungwa kwenye waya wa ndani. Gari husukumwa mita 20 zilizopimwa. Kwa spidomita ya mizunguko 637, karatasi inatakiwa kuzunguka karibu mara 12 na robo tatu.

Barabarani, nguzo za kilomita hutumika pamoja na saa. Gari linaloshikilia mwendo mmoja hutumia sekunde 60 kwa kilomita likiwa kwenye 60, na sekunde 45 likiwa kwenye 80. Anayesoma saa awe abiria, si dereva. Simu yenye ramani ya satelaiti pia hutoa mwendo halisi. Kwa kilomita, umbali wa nguzo 10 au zaidi hulinganishwa na namba za spidomita.

Kosa la giya hubaki asilimia ileile kwa kila mwendo. Dalili hiyo huitofautisha na hitilafu nyingine. Mshale unaocheza huashiria kebo kavu au iliyopindwa. Mshale uliolala wakati gari linakwenda huashiria kebo iliyokatika au giya iliyonyoka meno.

Spidomita za kielektroniki

Magari ya baadaye yaliacha kebo na kutumia kihisio kinachotuma mapigo ya umeme. Kosa la difu hubaki vilevile ikiwa kihisio kiko kwenye giaboksi, lakini marekebisho hufanywa kwa kubadili idadi ya mapigo kwenye programu au kwa kifaa kidogo cha kati. Hesabu ya uwiano ni ileile.

Tazama pia

* Difu
* Giaboksi
* Mkoa wa Geita
* Mkoa wa Shinyanga
* Mwadui